Jibu: Nianze na hijama ya damu au chuku kavu?

Dada, umeuliza kama wewe, mtaalamu wa fiziotherapia, unaweza kuanza moja kwa moja na hijama ya kutoa damu, yaani kuchanja ngozi na kuvuta damu kwa vikombe. Nakusihi anza na chuku kavu, yaani kuvuta ngozi kwa vikombe bila kuichanja. Misuli unaijua tayari. Unachokosa ni kipimo cha mvuto, na hicho hujifunzwa mwilini. Jiumike pajani kwanza. Paka mafuta kidogo, weka kikombe cha pampu, vuta mara mbili tu, uangalie ngozi inavyopanda na kuiva rangi. Dakika tano zinatosha. Ukiona malengelenge, umevuta mno au umekawia. Yale madoa ya duara aliyokuwa nayo muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016 ni damu iliyovilia chini ya ngozi, si sumu inayotoka. Tafadhali usimwambie mgonjwa vinginevyo.

Ya damu ni kazi nyingine kabisa: wembe mpya, vikombe vya kutumia mara moja, glavu, na wewe uwe umekamilisha chanjo ya homa ya ini B. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usimchanje kwa wembe. Mwenye selimundu pia, hata akikubembeleza. Kama uko Tanzania, nenda kwanza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala uulizie usajili.