Picha za maendeleo: chagua lengo moja kwanza

Mdogo wangu, umesema mwalimu anataka picha tano kuhusu Malengo ya Maendeleo Endelevu, na zako zote mtu amekaa katikati, hazivutii. Usihangaike na malengo yote 17 yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Chukua moja, mfano la 6, maji safi.

Kisha washa gridi, ile mistari inayogawa skrini, kwenye kamera ya simu. Mkono unaochota maji uweke pale mistari inapokutana, bomba liongoze jicho kuelekea hapo. Sogea karibu kwa miguu, usikuze kwa kuvuta skrini kwa vidole, picha hupoteza ukali. Mimi nilichelewa sana kulijua hilo.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kwa mtoto muulize mzazi. Akikataa, piga ndoo tu. Kuhusu kuhariri, muulize mwalimu kwanza.