Mmea haupumui kwa zamu

Swali la wiki liliuliza: "Je, ni kweli mimea hutengeneza chakula mchana na kupumua usiku?" Jibu langu ni hapana, ingawa mwenyewe niliwahi kuandika "ndiyo" kwenye mtihani na nikapewa alama zote.

Mmea hupumua usiku na mchana. Kinachosubiri mwanga ni usanisinuru: klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, hunasa nuru, na kwa nguvu hiyo jani hutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa, huku oksijeni ikitoka. Ila sukari ni akiba tu. Haiwezi kuvuta chumvichumvi mzizini wala kurefusha shina. Sharti ivunjwevunjwe, kazi inayomalizikia ndani ya mitokondria (vijiumbo vidogo ndani ya seli) kwa oksijeni, ndipo ipatikane ATP, molekuli ya kubebea nishati ambayo seli huitumia papo hapo. Hata sisi tunazo mitokondria. Tofauti ni kwamba sukari tunaikuta imeshatengenezwa.

Kosa linatokana na kutazama upande mmoja. Chukua pipa lililotoboka chini, huku bomba likilijaza kwa kasi. Maji yanapanda, na anayechungulia kwa juu ataapa kuwa halivuji. Ndivyo jani lilivyo saa sita mchana: oksijeni inayotengenezwa inazidi mno ile inayotumika. Kuna wakati, mwanga ukiwa hafifu, bomba na tundu hulingana, na jani huonekana kama haliingizi wala halitoi hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari na mwanasayansi Mholanzi, alieleza kwamba sehemu za kijani zikiwa kwenye mwanga huitakasa hewa, na gizani mmea huichafua. Nahisi kuna waliosoma "gizani" wakaelewa "gizani tu".

Asiyeamini achukue maharage yaliyolowekwa, nusu ayachemshe yafe. Yote ayasuuze kwa dawa ya kuua vijidudu (ukiruka hatua hii, ukungu utakuharibia jaribio, maana nao hupumua), kisha kila kundi aliweke kwenye chupa yake ya chai, kipimajoto ndani, mdomo ukizibwa kwa pamba. Baada ya siku mbili tatu, chupa ya mbegu zinazochipua huwa na joto zaidi. Hazina hata jani moja, na zimekaa gizani muda wote. Joto hilo ni sehemu ya nishati ya akiba yao iliyoponyoka bila kuwa ATP.

Mzizi nao hauoni jua maisha yake yote. Shamba likituamisha maji, oksijeni huadimika udongoni, na seli za mzizi hulazimika kuchachusha sukari, yaani kuivunja bila oksijeni: molekuli moja ya glukosi inatoa ATP 2 tu badala ya 30 hivi. Mzizi uliopungukiwa nishati haufanyi kazi yake vizuri, ndiyo maana mahindi hunyauka yakiwa yamesimama majini, tena jua likiwaka.

Na wanaohofia kulala na ua chumbani: anayelala kando yako anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko hilo ua.