Maswali na Majibu: Marumaru kwenye Sanamu Ndogo

SWALI: Ndugu mshauri, nimepaka sanamu ya resini yenye urefu wa milimita 75 kwa nia ya kuifananisha na marumaru nyeupe. Nilianza na rangi nyeupe tupu, kisha nikachora mishipa ya kijivu kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizo nazo. Kazi imetoka kama sahani iliyoingia nyufa. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea mahali pawili, na pa kwanza ni hiyo nyeupe tupu. Marumaru ni jiwe la chokaa lililokandamizwa na kupashwa joto ardhini hadi fuwele zake za kalisaiti, madini yanayoliunda jiwe hilo, zikaundwa upya, na fuwele hizo huupokea mwanga kidogo ndani yake kabla ya kuurudisha. Ndiyo maana jiwe hilo huonekana lina kina, ilhali rangi nyeupe iliyopakwa mara moja haina. Anza na kijivu chepesi, halafu gusagusa kwa kipande cha sponji madoa ya nyeupe, ya kijivu kizito kidogo na ya manjano hafifu sana, ukihakikisha kila doa linakutana na jirani yake kabla halijakauka ili mipaka ipotee. Rangi ya akriliki hukauka upesi mno kwa kazi hii, kwa hiyo ichanganye na kimiminika cha kuchelewesha ukaukaji, au tumia rangi ya mafuta juu ya tabaka la akriliki lililokwisha kukauka.

Kosa la pili ni kuipa mishipa yote unene mmoja, weusi mmoja na kuiacha yote juu kabisa. Ufa hukaa usoni pa kitu, lakini mshipa hupita ndani yake. Chora mishipa michache kwa rangi uliyoizimua, kisha ifunike kwa utando mwembamba wa nyeupe iliyozimuliwa zaidi, na utando huo ukikauka uongeze mishipa mingine michache tu. Ile ya mwanzo itaonekana imezama, na hii ya mwisho itaonekana imefika usoni pa jiwe. Shika brashi mbali na ncha, uivute huku ukiizungusha taratibu kati ya vidole, ili mstari unenepe, ukonde, ukatike na kutokea tena mbele kidogo. Kabla haujakauka, pitisha brashi yenye unyevu upande wake mmoja, ili ukingo mmoja ubaki mkali na wa pili ufifie.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kuamua mapema sanamu yako inawakilisha sanamu ya ukubwa gani. Ikiwa ni ya mtu wa kimo cha kawaida, umeipunguza takriban mara 24, na mshipa wa sentimita 1 kwenye jiwe halisi unakuwa na upana wa milimita 0.4 hivi. Ikiwa ni sanamu kubwa ya kimo cha ile ya Daudi iliyochongwa na Mwitaliano Michelangelo, ambayo ina zaidi ya mita 5, mshipa huohuo haufiki milimita 0.15, na hapo ni afadhali kuacha mawingu ya kijivu peke yake yafanye kazi.

SWALI: Je, mishipa ifuate mikunjo ya nguo na misuli ya mwili, au ipite popote?

JIBU: Ipite popote, mradi iwe na mwelekeo wake yenyewe. Mshipa ulikuwamo jiweni kabla mchongaji hajashika patasi, wala haujui begani ni wapi na vazi linaanzia wapi. Ukianza juu ya paja, uvuke pindo la nguo, uingie kwenye mkono ulioegemea hapo na utokee upande wa pili wa sanamu mahali ambapo jicho lingeutarajia. Igeuze sanamu mara kwa mara unapofanya kazi, kwa maana mshipa unaokomea kwenye ukingo bila kuendelea nyuma huiumbua kazi nzima. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya sanamu inayoaminika na isiyoaminika, kuliko hata uteuzi wa rangi.

Hata hivyo, si lazima uipeleke mishipa kila mahali. Wachongaji walichagua mawe yao kwa uangalifu, na waliogopa sana mshipa kwenye uso wa mtu. Michelangelo aliiacha sanamu yake ya kwanza ya Kristo Mfufuka kwa sababu mshipa mweusi ulijitokeza usoni alipokuwa akiichonga, akaanza nyingine ambayo leo iko katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva, Roma. Kwa hiyo mishipa mizito iweke chini, kwenye kitako, gogo la kuegemea na mavazi, na uso uachie kijivu hafifu tu. Ukitaka kuuvusha mshipa mmoja kwenye shavu, fanya hivyo kwa kukusudia, na uwe mmoja.

SWALI: Nimezoea kumwaga rangi nyeusi ya majimaji ili ijae kwenye mifereji na kutoa vivuli. Inafaa kwa marumaru?

JIBU: Kwa marumaru nyeupe haifai. Rangi hiyo hujikusanya kwenye kila kona na kuacha alama za uchafu, na jiwe hugeuka kuwa plasta ya zamani. Vivuli vya marumaru ni laini, kwa sababu sehemu ya mwanga hupenya kingo nyembamba kama masikio na vidole. Tumia kijivu chenye kahawia kidogo, kilichozimuliwa sana, kwenye vina virefu tu, na uimalize kazi hiyo kabla ya kuchora mishipa, ili mshipa upite juu ya kivuli pasipo kukatika.

SWALI: Na marumaru nyeusi yenye mishipa myeupe?

JIBU: Hapa utafurahi, maana kile nilichokikataza hapo juu sasa kinaruhusiwa. Katika jiwe kama Nero Marquina la kaskazini mwa Hispania, mishipa myeupe ni nyufa za kweli zilizojazwa kalisaiti, kwa hiyo inaweza kuwa mikali, yenye pembe, na kukingamana. Msingi usiwe mweusi mtupu. Tia buluu au kahawia kidogo ndani yake. Mishipa mikubwa michache iliyo myeupe kabisa, pamoja na mingine mingi ya kijivu isiyoonekana kwa urahisi, inatosha.

SWALI: Nataka sanamu isimame juu ya sakafu ya marumaru ya vigae. Nasikia kuna njia ya kutumia tishu zenye unyevu.

JIBU: Ipo, na inafaa mahali palipo bapa kuliko kwenye mwili wa sanamu. Chukua tishu ya kufutia watoto, iache ikauke, ivute pande zote mpaka nyuzi zake ziachane na matundu yatokee, kisha itandaze juu ya msingi na upulize rangi kwa kipulizia chembamba. Nyuzi zitakinga mistari isiyo na mpangilio. Sasa zingatia kwamba vigae hukatwa na kupangwa upya: mshipa wa kigae kimoja hauna sababu ya kuendelea kwenye cha pili. Kinga vigae vingine kwa utepe wa kubandika, upulize kimoja baada ya kingine huku ukigeuza tishu kila mara.

SWALI: Nimalizie kwa vanishi gani?

JIBU: Sakafu ya ndani na marumaru nyeusi zipake vanishi ya kung'aa, ambayo pia huzidisha kina cha rangi nzito. Sanamu nyeupe ipake yenye mng'ao wa wastani, kwani iking'aa sana watazamaji wataidhania kauri. Ikiwa sanamu inakusudiwa kuonekana imekaa nje kwa miaka mingi, tumia isiyong'aa kabisa, kwa kuwa mvua hula ulaini wa jiwe hilo. Kama ulitumia rangi ya mafuta, subiri hadi ikauke kabisa kabla ya vanishi yoyote.