Kabla Hujaandika "Vijana wa Uganda"

Mara ya kwanza nilipokwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, kusimamia wanafunzi waliokuwa wakikusanya data za utafiti wao wa mwisho, tulikuwa na dodoso la msongo lililotafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha likarudishwa Kiingereza na mtu mwingine ili kuhakiki usahihi wake, kama masomo ya mbinu za utafiti yanavyoagiza. Swali la nne liliuliza, "Je, wiki hii umekuwa na mawazo?" Aliyelirudisha Kiingereza, kijana msomi aliyejifunza Kiswahili darasani Kampala, alielewa kwamba linauliza kama mtu amepata fikra mpya, na mwanafunzi wangu akalifuta akidhani mtafsiri wa kwanza amekosea. Mama mmoja kutoka Kivu, aliyekuwa ameketi mkekani akisikiliza ubishi wetu, alicheka akasema, "Mwalimu, mmefuta swali moja nililokuwa na jibu lake." Kwake, kama kwa yeyote aliyelelewa na Kiswahili, mtu mwenye mawazo ni mtu asiyepata usingizi.

Mama huyo alikuwa tayari ndani ya sampuli yetu. Jedwali letu lilimhesabu kama mwanamke, kama mkimbizi na kama mtu asiyemaliza shule ya msingi, na kwa hesabu hiyo tungeweza kujisifu mbele ya kamati ya maadili kwamba utafiti wetu ni jumuishi. Tangu siku hiyo nimekuwa mzito kuamini ujumuishi unaoishia kwenye jedwali, na ushauri ninaoutoa hapa kwa walimu wenzangu na wanafunzi wa saikolojia unatokana zaidi na makosa yangu kuliko na mafanikio yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tasnifu yangu mwenyewe. Nilikulia katika kambi ya jeshi Jinja, baba yangu akiwa askari, na Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya nyumbani katika nchi ambayo wengi walikiona kuwa lugha ya bunduki na amri, kwa hiyo nilipofika chuoni nilikificha kama mtu anayeficha kiraka cha suruali. Niligawa madodoso ya Kiingereza kwa wanafunzi wa kitivo changu, wengi wao wakiwa rafiki zangu, nikaandika kwenye jalada kwamba nimechunguza hali ya kujithamini ya "vijana wa Uganda". Mtahini alizungushia maneno hayo duara la wino mwekundu na kuandika pembeni neno moja tu: "Wapi?" Nilikasirika, kwa sababu sura yangu ya kwanza ilikuwa imejaa lawama kwa watafiti wa Marekani waliofanya jambo hilohilo.

Lawama zenyewe zilikuwa na msingi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichapisha uchambuzi wa majarida sita ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani kwa miaka ya 2003 hadi 2007, akaonyesha kwamba asilimia 68 ya sampuli zilitoka Marekani na jumla ya asilimia 96 zilitoka katika nchi za viwanda za Magharibi, ambazo zilikuwa na takriban asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Katika jarida mojawapo, sehemu kubwa ya sampuli za Marekani zilikuwa za wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuwa wakisoma saikolojia. Miaka miwili baadaye Henrich, Heine na Norenzayan waliwapa watu hao, wa Magharibi, wenye elimu, viwanda, utajiri na demokrasia, jina la kifupi, WEIRD, ambalo kwa Kiingereza husomeka kama neno la kitu cha ajabu. Takwimu hizi niliweza kuzitaja usingizini. Nilichoshindwa kukiona ni kwamba mwanafunzi wa chuo cha Kampala, anayesoma Kiingereza bila taabu na mwenye mazoea ya kuweka tiki kwenye kisanduku, ndiye Mmarekani wetu.

Katiba yetu inaorodhesha jamii za wenyeji 65, bado hatujawahesabu wakimbizi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba jamii hizo zinakubaliana hata juu ya mambo ambayo saikolojia huyachukulia kuwa ya msingi. Mallory Wober, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1974, alichunguza namna watu wa hapa wanavyoielewa akili, akakuta kwamba Baganda walielekea kuihusisha na utulivu na mpangilio wa fikra, ilhali Batoro waliihusisha na kiasi fulani cha fikra kuvurugika. Baganda waliiona kuwa kitu kigumu na cha kudumu, Batoro wakaiona kuwa laini na yenye utii. Hao ni watu wenye lugha za ukoo mmoja. Anayepanga kulinganisha "Waafrika" na "Wazungu" katika kipimo cha akili angefaa kwanza aeleze atafanya nini na tofauti kati ya Mengo ya Baganda na Fort Portal ya Batoro.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba kazi ya kujumuisha ianze kabla ya dodoso kuwepo. Mfano bora ninaoufahamu ulifanyika hapahapa, Masaka na Rakai, ambako Paul Bolton na wenzake, kabla ya kupima tiba yoyote, waliwauliza wanavijiji kwa Luganda ni matatizo gani yanayowasumbua, na watu wakataja hali mbili kwa majina yao wenyewe, kujichukia na kujihurumia, ambazo zilikaribiana na kile vitabu vinachokiita sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, bila kulingana nacho kabisa. Jaribio la tiba ya vikundi lililofuata, lililochapishwa mwaka 2003, lilihusisha vijiji 30 na wiki 16 za mikutano, na kila kikundi kiliongozwa na mtu wa jinsia moja na washiriki. Kundi hilohilo la watafiti lilipofanya kazi na vijana katika kambi za waliohamishwa na vita kaskazini, lilianza na majina ya Kiacholi ya hali zinazokaribiana na sonona, yaani two tam, par na kumu, na matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba tiba ya vikundi iliwasaidia wasichana waziwazi, lakini kwa wavulana nafuu haikuwa ya kutosha kuthibitishwa. Huwaomba wanafunzi wangu wafikirie ni nini kingepotea kama wavulana na wasichana wangewekwa kwenye wastani mmoja.

Nalitaja neno sonona kwa tahadhari. Ni neno zuri la Kiswahili sanifu, lakini Nakivale sikumkuta mtu mmoja aliyelitumia kuhusu nafsi yake. Walisema moyo umechoka, roho inauma, au mawazo yamezidi. Usimpe kazi ya tafsiri mtu aliyefaulu Kiswahili cha mtihani peke yake. Mketishe pamoja na wasemaji wa kawaida wawili au watatu wa mahali utakapofanyia utafiti, wasomeeni maswali kwa sauti, na mwombe kila mmoja aeleze kwa maneno yake anachodhani anaulizwa. Kipimo maarufu cha sonona kilichotungwa na Radloff mwaka 1977 kina sentensi ya Kiingereza inayotumia rangi ya buluu kumaanisha huzuni, na nimewahi kusahihisha tafsiri ya mwanafunzi iliyomuuliza mzee kama ameshindwa kujitoa katika rangi ya buluu hata kwa msaada wa jamaa zake. Mzee alijibu kwamba hana nguo za rangi hiyo.

Jambo la pili halizungumzwi sana: nani anayekuchagulia washiriki. Ukifika kijijini unapita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na ni sawa kufanya hivyo, lakini ukimwachia yeye akuletee watu, atakuletea wale asiogombana nao, wenye viatu, na pengine shemeji zake. Mtu mwenye ulemavu aliye ndani ya nyumba, mjane anayedaiwa, kijana anayeshukiwa wizi, hawa hawatafika. Siku hizi namwomba mwenyekiti idhini na heshima ya utambulisho, kisha tunatembea nyumba kwa nyumba kwa mpango tuliouandaa sisi. Huchosha, na nauli huongezeka.

Darasani nako mambo si mepesi. Kwa miaka mingi nilifundisha historia ya somo hili kana kwamba yote ilitokea Leipzig, Vienna na Marekani, hadi nilipotambua kwamba wanafunzi wangu walikuwa wakikariri nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto bila kujua kwamba mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliuanza uchunguzi huo mwaka 1954 vijijini karibu na Kampala, akitembelea familia 26 majumbani mwao kwa msaada wa mkalimani, miaka kadhaa kabla ya kazi yake ya Baltimore inayojulikana zaidi. Sasa namfundisha siku moja na J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na ambaye mwaka 1953, katika kazi iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wote wawili walikuwa wageni. Mmoja alikaa barazani akitazama watoto wakinyonya na kulia, mwingine alikuwa na wagonjwa wa wodini na akaandika kuhusu bara zima, na wanafunzi huliona kosa la sampuli hapo haraka kuliko katika sura yoyote ya takwimu.

Lakini jihadhari na mtego wa kumgeuza mwanafunzi kuwa kielelezo. Niliwahi kumwambia binti mmoja, mbele ya darasa zima, "Wewe unatoka Karamoja, hebu tueleze wenzako huko wanavyolea watoto." Alijibu kwa adabu kwamba amekulia Entebbe.

Kosa linaloniuma zaidi linahusu zoezi la kumbukumbu. Nilikuwa nikionyesha maneno 20 ukutani, kila neno kwa sekunde 2, kisha wanafunzi wanaandika wanayoyakumbuka. Mwaka mmoja tulikuwa na mwanafunzi asiyeona, nami nikamwambia apumzike, nikampa alama za ushiriki bila kazi. Alikuja ofisini jioni akasema, "Mwalimu, alama zako nakushukuru, lakini mimi nilitaka kujua nakumbuka maneno mangapi." Mwaka uliofuata nilisoma maneno kwa sauti, nikajiona nimetengenea. Miaka miwili baadaye akaja mwanafunzi kiziwi na mkalimani wake wa lugha ya alama, na kila neno lilimfikia likiwa limechelewa, mengine yakihitaji ishara mbili.

Sikuwa na jibu, hivyo nililipeleka swali darasani. Niliwasimulia kwanza kazi ya Robert Serpell ya mwaka 1979, ambapo watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza katika kunakili maumbo kwa waya, kwa kuwa wamezoea kuunda magari ya waya, wakashindwa kwa kalamu na karatasi, na kwa udongo wa kufinyanga hakukuwa na tofauti. Kisha nikauliza: ikiwa mmoja anasikia, mwingine anasoma na mwingine anatazama mikono, je, wote wamefanya jaribio moja? Yule kiziwi alipendekeza kila mtu apangiwe njia yake na kasi yake, halafu tulinganishe mtu na nafsi yake badala ya kumlinganisha na jirani. Mwingine akapinga kwamba hapo tumepoteza udhibiti wa jaribio. Walibishana kwa muda wa saa mbili, wengine kwa Kiingereza, wengine kwa Luganda, na nyuma kabisa watu watatu kwa Kiswahili, ambao kwa mara ya kwanza sikuwaambia wabadili lugha.