Fundi Anajibu: Mota za Hatua na Draiva za Chopa

SWALI: Assalaam aleikum, Fundi. Mimi na kaka yangu tuna karakana ya useremala Mji wa Kale, Mombasa, na tumeunda mashine ndogo ya kuchorea nakshi za fremu za milango kabla ya kuzichonga kwa mkono. Mota zetu ni za hatua, yaani huzunguka hatua moja moja, za ukubwa wa NEMA 17, zimeandikwa volti 2.8 na ampea 1.7. Tuliziendesha kwa bodi ya L298 na umeme wa volti 12, bodi ikaungua. Tukashusha hadi volti 5, mota zikazunguka, lakini tukiongeza kasi zinatetemeka papo hapo na nakshi inapinda. Jirani anatushauri tununue draiva (bodi ndogo za kuendeshea mota) za A4988 na kuweka “volti moja kwenye skrubu”. Hiyo volti moja ni ya nini, na iweje mota ya volti 2.8 ipewe volti 12? — Msomaji, Mji wa Kale.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hayo maandishi ya volti 2.8 ndiyo yaliyowapotosha, nayo huwapotosha wengi. Volti hizo zimepatikana kwa kuzidisha ampea 1.7 kwa ukinzani wa koili, ambao kwa mota yenu ni karibu omu 1.65, maana yake ni kwamba mota ikiwa imesimama, volti 2.8 zinatosha kupitisha mkondo wake kamili. Kinachoiunguza mota ni mkondo, na kwa hiyo mkondo ndio unaopaswa kuwekewa mpaka. Bodi nyingi za L298 zinazouzwa kwa wanafunzi haziweki mpaka wowote. Gawanya volti 12 kwa omu 1.65 upate zaidi ya ampea 7; hata ukiondoa volti zinazopotea ndani ya L298 yenyewe, bado mkondo unapita mbali ampea 2 ambazo kila upande wake umeruhusiwa.

Kushusha volti kuliiokoa bodi lakini kukaiua kasi. Koili ni kama jahazi lililopakia: haliondoki ghafla, linataka msukumo mkubwa mwanzoni. Tuseme koili yenu ina induktansi, yaani ukaidi huo wa kupinga mkondo usibadilike ghafla, ya milihenri 3, kiasi cha kawaida kwa mota za ukubwa huo. Ukiipa volti 2.8, inachukua karibu milisekunde 1.8 ili mkondo ufike thuluthi mbili tu ya kiwango chake. Mota ya hatua 200 ikizunguka mara 5 kwa sekunde, kila hatua ina milisekunde 1 peke yake, hivyo zamu ya koili inakwisha kabla haijapata nguvu, na mota inabaki ikitetemeka kama mlivyoona. Ukiipa volti 24, mkondo unafika ampea 1.2 kwa muda wa milisekunde 0.15 hivi, na hatua inapata nguvu yake yote.

Kazi ya chopa, yaani draiva inayokatakata umeme kama A4988, ni kutumia msukumo huo mkubwa bila kuiunguza mota. Mkondo wa koili hupitishwa kwenye rezista ndogo sana, na draiva hulinganisha volti zinazojitokeza hapo na kipimo ulichokiweka wewe. Mkondo ukifika kipimo, transista zinakata umeme kwa muda mfupi mno, mkondo unashuka kidogo, kisha umeme unarudishwa, na mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde. Saketi za zamani zilizoiunganisha L298 na chipu ya udhibiti ya L297 zilifanya kazi hiyohiyo, kwa kawaida karibu mara 20,000 kwa sekunde ili sikio lisisikie mlio.

Sasa tuje kwenye “volti moja” ya jirani. Volti za skrubu ndizo kipimo hicho cha mkondo, lakini ushauri huo haujakamilika, kwa sababu kipimo kinategemea zile rezista ndogo. Chukua kioo cha kukuzia, tazama rezista mbili zilizo kando ya chipu: zikiandikwa R100 ni omu 0.1, R068 ni omu 0.068, na R050 ni omu 0.05. Kwa A4988, volti za kuweka ni 8 mara ukinzani huo mara ampea unazotaka. Ukitaka ampea 1.2 kwenye bodi ya R100, weka volti 0.96, kwenye bodi ya R050, weka 0.48. Ukiiga volti moja ya jirani kwenye bodi ya R050, umeagiza ampea 2.5, na draiva hiyo haiziwezi.

Kipimo kiwekwe kabla mota haijaunganishwa. Washa umeme wa volti 5 wa saketi ya amri, weka waya mweusi wa mita kwenye graundi na ule mwekundu kwenye kichwa cha skrubu, kisha zungusha polepole kwa bisibisi ndogo. Msidanganyike na ampea zinazosomeka kwenye waya wa pawasaplai, kwani draiva ya chopa huvuta huko mkondo mdogo kuliko ule unaopita kwenye koili. Mimi ningebaki kwenye ampea 1.2, ingawa mota inaruhusu 1.7. A4988 bila bati la kupoza hustahimili karibu ampea 1, na katika joto la Mombasa ningeweka bati pamoja na feni hata kabla ya kufika hapo.

Kapasita ya mikrofaradi 100 iwekwe karibu kabisa na pini za umeme wa mota. Waya ndefu za pawasaplai huzusha mruko wa volti wakati wa kuwasha, na mruko huo unaweza kupita volti 35, ambazo ndizo mwisho wa A4988, hata kama pawasaplai ni ya volti 12.

SWALI: Draiva yangu iliungua nilipochomoa waya wa mota ili nibadilishe mwelekeo. Kosa liko wapi? — Msomaji, Likoni.

JIBU: Umeme ulikuwa bado umewashwa. Koili inayokatwa ghafla hutoa volti kubwa zinazoua transista. Zima kwanza, subiri kapasita ziishiwe umeme, ndipo ubadilishe waya mbili za koili moja.

SWALI: Nikibadilisha A4988 kwa DRV8825, niache kipimo kilekile? — Msomaji, Kisauni.

JIBU: Hapana. Kwa DRV8825 yenye rezista za omu 0.1, ampea ni mara mbili ya volti ulizoweka, hivyo volti 0.96 zitakupa ampea 1.92. Kwa ampea 1.2 weka volti 0.6. Tena angalia majina ya pini kabla ya kuichomeka, usifuate upande ilipo skrubu, kwa kuwa kwenye bodi hiyo skrubu iko mahali pengine, na draiva iliyochomekwa kinyume huungua mara tu umeme unapowashwa.