Ukihamia Ughaibuni, Usiwafiche wa Nyumbani Unavyoishi

Nilifika Edmonton, katika mkoa wa Alberta nchini Kanada, mwezi Oktoba 2018, nikiwa na mke wangu, mtoto wetu wa miaka 4 na hati za ukaazi wa kudumu tulizozisubiri kwa muda mrefu. Tanga nilikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari. Katika wiki ya sita nilianza zamu ya usiku kwenye ghala la bidhaa, nikipakua maboksi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama aliponiuliza kwa simu kama nimepata kazi, nilimjibu kwamba nimepata kazi nzuri, naye alipomshukuru Mungu kwa furaha niliona haya kuendelea na maelezo.

Jibu hilo moja lilinigharimu usingizi wa miezi mingi. Msongo wa mawazo unaowapata wahamiaji una sababu nyingi, lakini ninaamini kwamba sehemu kubwa yake hutokana na kubeba maisha mawili kwa wakati mmoja: yale unayoyaishi, na yale unayowasimulia watu wa nyumbani.

Sitaki kupuuza giza na baridi. Sisi tumelelewa na saa inayofuata jua, linalochomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Edmonton, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza saa tatu kasoro dakika kumi hivi asubuhi na kutua mnamo saa kumi na robo, na mfanyakazi wa zamu ya usiku anaweza kulala mchana huo wote asilione kabisa. Katika Ramadhani ya 2019, iliyoishia mwanzoni mwa Juni, siku za mwisho tulifuturu karibu na saa nne usiku. Mwili huchanganyikiwa, na mtu akadhani amerogwa au imani yake imepungua. Ukiwa mbali hivi na ikweta, miale ya jua la majira ya baridi ni dhaifu mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi, kwa hiyo muulize daktari mapema kuhusu vidonge. Nunua jaketi na viatu vya theluji vilivyo imara kabla ya kununua kitu kingine chochote, kisha utoke nje kila siku wakati wa mwanga, hata kama ni kwa matembezi mafupi.

Hata hivyo, iliyonichosha kuliko baridi ni simu. Katika majira ya baridi Tanga huwa mbele ya Edmonton kwa saa kumi, kwa hiyo nilipokuwa nikivaa glavu saa nne usiku, kwao ilikuwa saa mbili asubuhi na mahitaji ya siku yameshaamka: ada, bati, dawa, mchango wa harusi. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, kwa kuwa ni mimi niliyewaambia kwamba mambo ni mazuri. Nilikopa kwa kadi ya mkopo ili nipate cha kutuma. Nikawa mkali kwa mtoto bila sababu, na kifua kilinibana kila simu ilipoita.

Mke wangu alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli, naye aliwaeleza dada zake tangu siku ya kwanza ya kazi, hadi idadi ya vitanda anavyotandika kwa siku. Dada zake walimpigia simu kumpa pole. Mimi nilipigiwa kuombwa. Tulikuwa tukiishi nyumba moja na kula sahani moja, lakini yeye alilala usingizi na mimi sikulala.

Jumamosi moja ya Machi 2019, nikiwa nimetoka kazini, nilimpigia mama wakati kwao ni alasiri na watu wametulia. Nilimwambia kwamba sifundishi, ninapakua maboksi usiku. Nilimweleza kwamba kima cha chini cha mshahara Alberta ni dola 15 kwa saa, na kwamba dola 300 alizoziomba kaka ni saa 20 za kubeba mizigo kabla ya makato. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Sisi tulidhani unazo."

Ukitaka kufanya mazungumzo ya namna hiyo, nina mambo mawili ya kukuambia. Kwanza, eleza fedha kwa saa za kazi, wala usizigeuze kuwa shilingi, kwa sababu dola 300 zikigeuzwa kuwa shilingi zinasikika kama utajiri, na hakuna anayeiona kodi ya nyumba, nauli na gharama ya malezi ya mtoto. Pili, anza na mtu mmoja ambaye neno lake linasikilizwa katika familia. Nilikubaliana na mama kwamba nitatuma kiasi kisichobadilika kila tarehe 5, naye ndiye atakayeamua nani asaidiwe. Kaka yangu alikaa miezi mitatu bila kunipigia, jambo ambalo liliniuma sana. Hilo nalo ulitarajie, wala usirudi nyuma kwa sababu yake.

Msiba ni mzito zaidi, na kwa huo sina dawa kamili. Baba mkubwa aliyenilea alifariki Novemba 2022. Kwa sisi Waislamu maziko hayacheleweshwi, na safari kutoka hapa hadi Tanga huchukua zaidi ya siku nzima, kwa hiyo nilijua tangu nilipopokea habari kwamba sitamzika. Siku mbili za mwanzo nilikwenda kazini kama kawaida bila kumwambia mtu, na simshauri yeyote afanye hivyo. Siku ya tatu mke wangu aliwapigia simu Waswahili wachache wa Mill Woods, mtaa wa hapa Edmonton, ambao tulianza kujuana nao katika msikiti wa Al Rashid, msikiti wa kwanza kujengwa Kanada, uliofunguliwa mwaka 1938. Walikuja, wakasoma khitma sebuleni, wakala pilau, wakaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Niliwasimulia hadi usiku wa manane. Watafute watu kama hao mapema, ukiwa huna shida.

Kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, au umeanza kuona afadhali usiwepo duniani, usiishie kwa marafiki. Mimi nilizoea kuamini kwamba daktari huendewa kwa malaria na si kwa mawazo, hadi nilipokwenda na kuulizwa maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Ukiwa na kadi ya afya ya mkoa hulipi chochote kumwona daktari wa familia. Tangu Novemba 2023 kuna pia namba 988 ya msaada kwa anayefikiria kujiua, ambayo mtu yeyote aliyeko Kanada anaweza kuipigia au kuitumia ujumbe saa yoyote, bila malipo, kwa Kiingereza au Kifaransa.

Kwa wewe ambaye bado hujaondoka, ombi la nakala rasmi za matokeo ya chuo lishughulikie ukiwa bado unaweza kwenda ofisini kwa miguu yako, kwa maana kuzifuatilia kwa simu ukiwa na tofauti ya saa kumi kulinichukua karibu mwaka mzima. Kisha, kabla ya siku ya kuagana, kaa na wazazi na ndugu, uwaambie kwamba huenda miaka miwili ya mwanzo usitume chochote, na kwamba kazi utakayoianza huenda isifanane na ile wanayokujua nayo. Uwaambie ukiwa umekaa nao mkekani, ambapo wanakuona uso na wanaweza kukuuliza maswali.