Nililipia programu, sasa naambiwa nilipe kila mwezi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la uchapaji mjini Morogoro, na kazi zangu nyingi ni kadi za harusi na kalenda za shule. Programu ya kupangia kurasa niliinunua ikiwa kwenye diski yenye namba ya leseni, na risiti ninayo. Kompyuta ilipoharibika nikaiweka upya kwenye nyingine, ikadai kwanza ithibitishwe na seva ya kampuni, kumbe seva hiyo imeshazimwa. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba toleo hilo haliuzwi tena, hivyo nijiunge na huduma ya mtandaoni na kulipa kila mwezi kwa dola. Je, huu si unyang'anyi? Na mafaili ya wateja wangu nitayafunguaje?

JIBU: Hasira yako ina msingi, ingawa neno unyang'anyi wakili wa kampuni atalipangua upesi, kwa kuwa katika ule mkataba mrefu ambao karibu sote tunaukubali bila kuusoma, kwa kawaida imeandikwa kwamba mteja amepewa leseni ya kutumia programu, si umiliki wake. Hata hivyo, yapo hapa mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Kampuni inaweza kubadili namna ya kuuza bidhaa zake zijazo, kama Adobe, kampuni ya Marekani ya programu, ilivyotangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya baada ya Creative Suite 6, mkusanyiko wake wa programu za usanifu, yangepatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka tu. Kumzuia mtu kutumia toleo alilokwisha kulilipia ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu halina utetezi, kwani seva ile iliwekwa kuwabana wanaonakili bila kulipa, nawe ulilipa.

Kwa hiyo andika tena, safari hii si kwa kulalamika bali kwa kudai. Adobe hiyohiyo ilipozima seva ya Creative Suite 2, iliwapa walioinunua nakala isiyohitaji kuthibitishwa. Ambatisha risiti na namba ya leseni, kisha uombe nakala ya namna hiyo.

Mafaili ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Programu ya bure iitwayo Scribus hufanya kazi nzuri ya kupanga kurasa, lakini haifungui, kwa mfano, faili la kawaida la InDesign, programu ya Adobe ya kupangia kurasa. Hupokea lililohifadhiwa kwa muundo wa IDML, na la namna hiyo hutengenezwa ndani ya InDesign yenyewe. Kwa hiyo, ikiwa programu yako ndiyo hiyo, huenda ukalazimika kulipia mwezi mmoja, kwa shingo upande, ili uyahamishe yote. Soma masharti kabla ya kutoa namba ya kadi yako ya benki, maana upo mpango wa mwaka unaolipwa kidogokidogo kila mwezi, na anayejitoa mapema hutozwa ada. Mnamo Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai kwamba iliificha ada hiyo. Chagua mpango wa mwezi mmoja unaoweza kusitishwa bila ada.

Kadi za harusi zilizokwisha kuchapwa zihifadhi kwa PDF tu, kwa kuwa hakuna atakayezihariri tena. Kalenda, ambazo hubadilishwa tarehe kila mwaka, zihifadhi kwa IDML pamoja na fonti na picha zake, nazo ndizo uanze nazo.